Msimwambie Mama Anyamaze

Chimala,
Jumapili mchana

Mpendwa Dada Edina,

Kabla hujasoma zaidi ya mstari huu, angalia kwanza kama Shangazi yuko karibu. Kama yupo, rudisha karatasi hii kwenye kitambaa chake, iweke kifuani, uendelee kuchambua mchele kama vile hukukuta kitu. Nakuomba sana, dada, hata neno moja la humu lisimfikie yeye, wala shemeji, wala mtu yeyote wa pale barabarani mnapouzia nyanya. Ningeweza kukutumia ujumbe, lakini simu yako watoto wanaichezea, na ya mama husomwa na kila anayepita. Ndiyo maana nimeandika kwa mkono, nikaificha katikati ya mchele na kumpa kondakta auache kwenu. Ukishamaliza, ichome jikoni.

Kamwene, dada. Watoto hawajambo? Mgongo wako unaendeleaje, na bado unabeba matenga peke yako? Mvua ya juzi imewaachia nyanya au imezipasua zote? Na mama, analala? Kwenye simu huwa unaniambia yuko sawa, na mimi huwa nakuambia niko sawa. Leo nimeona mmoja wetu aanze kusema kweli. Nianze mimi, kwa kuwa ndiye mwoga zaidi na nikiahirisha sitasema tena.

Jambo lenyewe nalitaja mapema usije ukahangaika kulitafuta. Sitaki mama apelekwe Iringa mjini siku ya kuweka msalaba wa baba. Nataka abaki Ilula, aende kaburini na watu wote, na akitaka kulia aachwe alie. Najua Shangazi ameshapanga, na najua anafanya kwa kumpenda, kwa ajili ya ile presha ya mama. Lakini nisikilize kwanza nilivyofika hapo, halafu utaamua, maana huko nyumbani mwenye kauli mbele ya Shangazi ni wewe tu.

Tangu nirudi huku baada ya mazishi nimekuwa naumwa, na sikumwambia mtu. Kifua kinabana. Koo linakuwa kama nimemeza kitu kikavu kikagoma kushuka. Nikilala, naamka na meno yanauma kwa kuyakaza. Kazi yangu unaijua: magunia ya mpunga yanawekwa kwenye mizani, mimi natamka uzito kwa sauti ili mwenye mali asikie, ndipo naandika. Basi hiyo sauti ikaanza kukatika. Nafungua mdomo, kinatoka kitu kama cha kuku aliyeshikwa shingo. Wabeba magunia wakapata la kusema.

"Karani, umemeza mpunga na maganda yake?"

"Mwacheni, anasubiri mashine imkoboe."

Nilicheka nao, lakini ndani nilikuwa natetemeka. Bwana Idrisa, mwenye ghala, hacheki ovyo. Alinisimamia siku moja, akasema kwa upole, ule upole wake unaotisha, "Oliva, ongea. Mteja akisikia karani anatetemeka, atadhani mizani ndiyo inatetemeka." Unajua mimi hapa ni wa kujaribiwa, sijathibitishwa. Kila nilipomwona anakuja nilidhani amekuja kunifukuza.

Lakini hofu kubwa haikuwa kazi. Baba naye alishika kifua. Mliniambia wenyewe, kwamba alishika kifua, akakaa juu ya tenga, akasema anapumzika kidogo. Kwa hiyo kila kifua kilipobana nilitafuta pa kukaa, halafu nikaogopa kukaa. Nilikuwa nasimama kutwa, dada, kama vile kifo huwaona waliokaa tu.

Mwisho nikaenda zahanati. Tabibu ni kijana, labda ananizidi kidogo tu. Alinipima presha, akasikiliza moyo mbele na nyuma, akanilaza na kuanza kunibonyeza kifuani kwa vidole. Akauliza, "Kulia?"

Nikasema, "Hapana, daktari. Sijalia."

Mkono wake ukasimama palepale. "Nauliza upande," akasema. "Maumivu yako kulia au kushoto?"

Niliona aibu nikataka kuingia chini ya kile kitanda. Nikamwambia samahani, yako katikati. Yeye akacheka kidogo, kisha akaacha kucheka, akavuta kiti.

"Kwani ulitakiwa kulia?"

Nikaketi, nikaanza kufunga vifungo vya blauzi.

"Nani amefariki?"

Nikasema baba. Nikasema kwa ile sauti ya kuku, na bado macho yalikuwa makavu kama sakafu ya ghala. Akauliza kwa nini sikulia. Nikamweleza, na hili na wewe nakueleza kwa sababu hukuwepo wakati linatokea, ulikuwa unapika. Niliposhuka kwenye basi siku ile ya mazishi, Shangazi alikuwa ananisubiri barabarani. Hata mkoba hakunipokea. Alinishika kidevu, akanifuta uso na ncha ya khanga yake kwa nguvu, akasema, "Usiingie na machozi humo ndani. Ukilia wewe, mama yako atalia. Akilia, presha itapanda, na tutazika wawili." Basi nikayameza palepale. Nikaingia kwa mama, nikamkuta amekaa chumbani katikati ya wanawake, amenyooka kama aliyesimikwa, tukasalimiana kama watu waliokutana sokoni. Hilo neno la kuzika wawili nimekuja nalo mpaka Chimala. Kila machozi yalipokaribia, lilikuwa linafika kwanza.

Tabibu alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema moyo wangu unapiga vizuri kuliko wake. Halafu akasema, "Jaribu kuzuia kilio hapahapa, nione unafanyaje." Nikafanya. "Umeona? Umebana koo, umeinua mabega, umekaza tumbo, na pumzi umeikata nusu. Sasa mtu akikaa hivyo kutwa nzima, siku zote, kifua kitaacha kuuma kwa sababu gani?"

Alinieleza mengi, nami nayaandika kama nilivyoyaelewa. Kwamba mtu akilia mpaka akaridhika, pumzi yake hurudi chini taratibu, mapigo ya moyo nayo hupungua mwendo, misuli iliyokaza inaachia. Ndiyo maana mtoto akilia sana hulala. Kwamba wako wanaosema machozi ya huzuni yanatoa na vitu fulani vya mwilini, lakini hilo bado linachunguzwa, yeye hawezi kuniapia. Anachokiona mwenyewe kila siku ni kwamba mtu akilia, wenzake husogea karibu, na aliyesogelewa hupona upesi kuliko aliyeachwa. Akasema pia si kila kilio kinaleta nafuu. Wengine wakilia kichwa huuma tu, na mtu anayelia kila siku, hali, halali, haoni mbele, huyo asiachwe nyumbani, aletwe.

Nikajikaza, nikauliza lile lililonipeleka hasa. "Na mwenye presha?"

"Nani?"

"Mama yangu."

Akasema mwenye presha ameze dawa zake bila kuruka, apunguze chumvi, apimwe. Kulia hakuchukui nafasi ya vidonge. Presha inaweza kupanda akiwa analia, kama inavyopanda mtu akipanda kilima, halafu akifika juu na kupumzika inashuka. "Lakini mtu aliyefiwa na mume, akakatazwa kulia, halali, hali, huyo yuko kilimani muda wote," akasema. "Mimi sijawahi kumwandikia mgonjwa kwamba asilie. Hiyo mlijiandikia wenyewe."

Hakunipa dawa. Mimi nimezoea mtu hatoki zahanati bila hata panadoli, nikaona aibu kupita mlangoni mikono mitupu.

Sasa, dada, usidhani nilifika chumbani nikalia. Nilijaribu. Nilikaa kitandani, nikafunga mlango, nikamkumbuka baba kwa makusudi, kikohozi chake, kofia yake, nikasubiri. Hakuna kitu. Nilijiona kama mtu anayeigiza mbele ya ukuta. Nikazidi kuogopa, nikadhani labda nimeharibika, kwamba nilimpenda baba kidogo kuliko nilivyodhani.

Halafu baba yake Bwana Idrisa akafariki. Alikuwa mzee sana, mfanyabiashara wa zamani, wao ni Waislamu wenye asili ya pwani waliokaa huku vizazi kadhaa. Alizikwa siku ileile. Sisi wa ghalani tulikwenda wote, wanaume wakakaa barazani, mimi nikajifunga khanga kichwani nikapita uani kwa wanawake. Taratibu zao sizijui, nikawa naangalia mwingine anafanya nini nami nafanya hivyohivyo. Kulikuwa kimya, dada. Siyo msiba kama wa kwetu unaousikia tangu barabarani. Wanawake wanapika, wengine wanasoma polepole, mtu anafuta macho na kuendelea na kazi. Nikapewa kisu na bakuli, nikaonyeshwa tenga la nyanya.

Tenga lenyewe limefunikwa nyasi, zimekazwa kwa kamba, na lile fundo la kukunja mara mbili na kuchomeka ncha kwa ndani. Sisemi lilikuwa la baba. Nusu ya Ilula wanafunga hivyo. Lakini vidole vyangu vililifungua vyenyewe bila kuniuliza, na nyasi zilipotoka ikapanda ile harufu, harufu ya majani ya nyanya, ile inayobaki mikononi na kugeuza kucha kuwa za kijani. Baba alikuwa anatushika mashavu na mikono hiyo tukitoka shule, nasi tunakimbia kwa sababu inanuka. Nikachukua nyanya ya kwanza. Sikumaliza kuikata.

Nililia, dada. Sikupiga kelele mwanzoni, lakini mwili mzima ulikuwa unatikisika mpaka kisu kikaanguka. Mama mmoja mtu mzima alikuwa amekaa mbele yangu na rundo la vitunguu, machozi yanamtiririka, anajifuta kwa kiwiko. Akaniangalia, akaangalia bakuli langu.

"Wewe," akasema, "mwenye vitunguu ni mimi. Wewe una nyanya. Mbona unanizidi kulia?"

Wanawake wakacheka kichinichini, nami nikacheka, na kule kucheka ndiko kukafungulia kilichobaki. Ikatoka sauti. Ilitoka ya kwetu, dada, ile ya Ilula, ya kumwita baba. Uani pakawa kimya kabisa. Nikajua nimekosea, nikaziba mdomo kwa mikono yote miwili, nikaanza kuomba radhi. Nikawasikia walioko nyuma wananong'ona.

"Huyu ni nani wa marehemu?"

"Mimi simjui. Mwangalie lakini. Paji la uso si lilelile?"

Yule mama wa vitunguu ndiye Bi Zuhura, dada wa marehemu mwenyewe. Akasogeza kigoda chake mpaka magoti yetu yakagusana, akaniuliza taratibu, "Mwanangu, niambie tu bila kuogopa. Kaka yangu alikuwa baba yako?"

Nikamwambia hapana, mama. Baba yangu alikuwa mkulima wa nyanya Ilula, tumemzika, sikumlilia.

"Alhamdulillahi," akasema. "Maana warithi tunao wa kutosha."

Kisha akanishika kichwa akakiegemeza begani kwake, mikono yake inanuka vitunguu. "Basi mlilie. Machozi hayajakatazwa kwetu. Kinachokatazwa ni mayowe na kujipigapiga. Lia na jicho, mdomo upumzishe." Nikalia hivyo. Kila baada ya kitambo ananipangusa, anaendelea kukata kitunguu chake juu ya mgongo wangu. Mara moja tu alisema neno lingine: "Sogeza bakuli. Chumvi nitatia mwenyewe."

Hakuniambia nyamaza. Nimelifikiria hilo sana. Sisi mtu tunayempenda akilia, neno la kwanza tunalompa ni nyamaza. Nyamaza mwanangu, nyamaza mama, jikaze. Wewe ulinibembeleza hivyo, nami nawabembeleza wanao hivyo, na hatuna ubaya wowote. Lakini ukilisikiliza lile neno lenyewe, tunamwambia afunge mdomo.

Nilirudi chumbani mchana uleule, nikalala mpaka jua likashuka, nikaamka na njaa. Njaa kweli, ya kutafuta sufuria. Kichwa kilikuwa kizito na macho yamevimba, lakini kifua kilikuwa kimeachia. Kesho yake gunia la kwanza lilipowekwa kwenye mizani nilitamka uzito, na sauti ikafika mpaka kwenye lori. Wabeba magunia wakasimama.

"Naona leo karani amekobolewa."

Sitaki kukudanganya kwamba yameisha. Kuna siku kinabana tena. Lakini sasa nakijua, sikimbii kutafuta pa kusimama. Nakaa, nalia kidogo, nanawa uso, narudi kazini.

Lililonitisha baadaye ni lile la paji la uso. Chimala ni ndogo, maneno yakazunguka. Bwana Idrisa akaniita ofisini, akafunga mlango. Nilijua ndiyo mwisho wangu. Akaniangalia paji la uso, akasema, "Nasikia wewe ni dada yangu."

"Hapana, bosi. Nakuapia."

"Shangazi Zuhura ameniambia ulikuwa unamlilia nani." Akapanga kalamu zake mezani. "Ulipofiwa uliomba ruhusa fupi, ukarudi, hukusema kitu tena. Nikadhani nyinyi watu wa milimani ndivyo mlivyo." Kisha akasema pole, na aliposema akageuka dirishani, nikaona naye anahitaji Bi Zuhura. Tangu siku hiyo akitaka kunichokoza ananiita dada mbele ya wateja.

Sasa nifike kwa mama, maana yote haya nimeyasema kwa ajili yake. Jumapili iliyopita nilimpigia. Tukaulizana kama kawaida, umekula, nimekula, na wewe umekula. Nikapata ujasiri kidogo, nikamuuliza kama huwa anamkumbuka baba. Nikamsikia anasogeza kiti na kufunga mlango. Halafu akasema, "Mimi silii, mwanangu. Usiogope. Shangazi yako aliniambia una moyo mdogo tangu utoto, nikilia mimi wewe utaanguka huko uliko, hakuna wa kukuokota. Najikaza kwa ajili yako."

Dada, umeelewa? Siku ile ya mazishi, mle chumbani, aliponyooka kama aliyesimikwa, alikuwa ananilinda mimi. Nami nilikuwa namlinda yeye. Tumekaa hivyo miezi yote hii, kila mmoja ameshika pumzi akimsubiri mwenzake. Na nilipopaswa kumwambia, mama, lia tu, mimi siangushwi na machozi yako, unajua nilisema nini? Nilisema, "Haya mama, umekula?" Uoga wangu ndio huo. Ndiyo maana nakutuma wewe.

Usimgombeze Shangazi. Mwambie tu kwamba mama haendi mjini. Asubuhi ya siku hiyo hakikisha amemeza dawa zake na amekula kitu. Mpitishe kwanza zahanati apimwe. Kama presha imepanda sana wataalamu wenyewe waseme. Kaburini mwekee kiti, na maji ya kunywa yawe karibu. Kama kile kizibao cha baba cha shambani mnacho bado, kile Shangazi alichokificha, mpe akishike. Na akianza kulia, dada, wewe uliye mkubwa kaa upande wake, uwatazame hao wenye kusema nyamaza mpaka waangalie chini. Mwambie maneno haya, yasikie yeye tu: Oliva alilia, na hakuanguka. Alilala usingizi, akaamka na njaa.

Msalimie shemeji. Wasalimie wanao, na yule mkubwa anayesoma Tosamaganga mwambie mama yake mdogo hajasahau ile kalamu aliyomwahidi. Msalimie mjomba anayechunga ng'ombe, na yule bibi jirani anayemletea mama uji. Shangazi msalimie vizuri kabisa, kwa heshima zote. Mwambie nampenda, na hilo halihitaji siri.

Ruhusa ya kuja nimeomba. Bwana Idrisa hajasema ndiyo wala hapana, maana msimu wa mpunga umekolea. Akinikubalia nitashuka Ilula na basi la asubuhi, bila kutangaza. Asiponikubalia, fanya hivi. Mkiwa kaburini, nipigie. Usipige simu ya ofisini, inapokelewa na kila mtu. Piga hii yangu ya siku zote. Nikikata usitishike, ujue kuna lori kwenye mizani. Nipe muda nitoke nyuma ya ghala, kwenye lundo la pumba, huko hakuna anayefika. Piga tena. Nikipokea, usiseme kitu, mpe mama simu. Asiposema neno, usimhimize. Akilia, usiichukue simu mkononi mwake, na wala usikate ukidhani hatusikilizani. Nitakuwepo.

Mdogo wako akupendaye,
Oliva